Chaneli Nane za Shangazi

Muuzaji alipanga vinasa sauti vitatu juu ya kaunta ya kioo, akavifuta vumbi kwa kiganja, akarudi nyuma hatua moja ili asifiwe. Mama Pacha hakumsifu. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akasema, "Zima feni."

"Na joto hili, dada yangu?"

"Zima. Nataka kusikia kimya."

Kazi yake ilikuwa kurekodi: mahafali, mahubiri, kwaya, na hotuba za watu wanaopenda kujisikia. Kwa kazi hizo kinasa chake cha zamani, chenye chaneli mbili, kilimtosha. Kwa Jumamosi hakikutosha. Jumamosi alasiri shangazi yake angeimba na wapigaji wake saba kwenye ukumbi wa chuo, na Jumatatu daktari angempasua koo kutoa uvimbe. Daktari mwenyewe alikuwa mtu mkweli. Uhai alisema ataulinda, sauti hakuiahidi. Na katika miaka thelathini na mitano ya kuimba, hakuna aliyewahi kumrekodi Shangazi vizuri. Kulikuwa na kanda moja iliyoliwa na redio, na video ya simu ambayo mkohozi mmoja anasikika kuliko mwimbaji.

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya kupenya chini ya mlango, kama harufu ya chakula cha jirani. Katika ukoo wao, Shangazi akianza kuimba kila mtu alifumba macho, wakubwa kwa wadogo. Ndivyo walivyolelewa, na mtoto aliyechungulia alifinywa.

Akawasha cha kwanza. Kimya chake kilikuwa na nyuki. Cha pili, chenye chaneli nane, kilikuwa na mvua nyembamba iliyonyesha mbali, juu ya bati la nyumba ya watu wengine. Cha tatu kilikuwa na chaneli nne, na ndani yake hakukuwa na kitu kabisa. Ilikuwa kama kuingia chumba ambacho wenyewe wametoka sasa hivi. Alisikia saa ya ukutani ikitembea. Alisikia muuzaji akimeza mate. Akakaa humo kitambo, mwepesi, kama mtu aliyelala juu ya maji.

"Dada? Umesinzia?"

"Nachukua hiki."

"Cha chaneli nne? Kwa kundi la watu wanane? Hiki cha nane ndicho chako."

"Kina mvua."

"Kina nini?"

"Mvua. Shangazi yangu haimbi mvuani."

Muuzaji akacheka. "Mchagua jembe si mkulima, dada."

"Na asiyechagua hulimia mpini. Kikinikataa nakirudisha kesho kutwa."

"Kikirudi bila mkwaruzo, nakupokea."

Alikipima uzito mkononi, akafungua na kufunga mlango wa betri mara tano kwa kucha aone kama utalegea, akaondoka nacho.

Alhamisi kundi lilifanya mazoezi katika darasa lililosukumiwa madawati ukutani. Mama Pacha alikuwa na mpango. Maikrofoni nzuri kuliko zote aliisimamisha katikati, ya Shangazi peke yake. Tatu zilizobaki waligawana wale saba. Shangazi, skafu nyepesi kichwani, alisimama mbele ya maikrofoni yake kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Usiende popote."

Mama Pacha akaketi nyuma, akavaa hedifoni, na wimbo ulipoanza macho yakajifumba yenyewe. Sauti ikaingia karibu mno, na kwa ule ukimya wa chombo alisikia hata midomo ikiachana. Kwenye mstari wa pili ikapungua. Kwenye wa tatu ilikuwa kama imetoka mlangoni na inaimba ukumbini, kisha uani, kisha ng'ambo ya mto ambao hakuuona. Akazungusha kitufe kuiongeza. Akapata pumzi ya chumba kitupu.

Inaondoka, alifikiri. Haikungoja hata Jumatatu.

Akafumbua macho kwa hofu. Maikrofoni ilikuwa imesimama peke yake. Shangazi alikuwa kule kwa mpiga ngoma, kamshika bega, anamwimbia sikioni. Akamwacha, akaenda kwa mpiga besi. Kutoka hapo akaenda kwa mpiga kodiani, taratibu, kama mtu anayepitia wagonjwa wake. Na wapigaji wote saba walikuwa wamefumba macho.

"Shangazi! Unakwenda wapi?"

Muziki ukaanguka, chombo kimoja kimoja.

"Nakwenda kazini," Shangazi akasema.

"Si nimekuambia usimame kwenye maiki?"

"Nikisimama pale, nani atamwambia huyu apunguze? Hawa hawaniangalii, nami sijui kupiga kelele. Kila mtu namfuata na neno lake."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Wewe ulikuwa wapi, mwanangu?"

Mama Pacha akavua hedifoni. "Nilikuwa nimefumba macho."

"Sisi sote," akasema mpiga besi, mwenye kipara.

Mpiga ngoma alikuwa ameduwaa. "Kwani huwa anakuja na kwenu? Miaka yote hii nimejua ni mimi tu."

Wakacheka mpaka kodiani ikatoa pumzi bila kubonyezwa.

Wakajaribu maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Karibu na shingo Shangazi aliiondoa mara moja. "Kitu kikinigusa hapa nakohoa, na nikikohoa leo, tumekwisha." Wakaishusha kiunoni, huko ikarekodi kanga ikijisugua, basi.

Ijumaa asubuhi muuzaji alimwona tangu mlangoni. "Karibu. Mvua imekuwa tamu?"

"Funga domo, nipe cha chaneli nane."

"Kimetokea nini?"

"Mwimbaji wangu ni mtembezi. Kila anapopita nataka sikio. Saba kwa wapigaji, la nane nilielekeze kwa wasikilizaji, upande wangu."

Alikwenda nacho nyumbani akakiacha jikoni kikirekodi chaneli zote nane huku yeye anapika na mapacha wanagombania kiti. Betri ilidumu saa tatu na dakika kumi. Tamasha lilikuwa la saa mbili. Akaridhika kwa hilo moja. Lile kubwa hakuwa na namna ya kulijaribu: kama sauti ndogo vile, ikipita mbele ya ngoma na tarumbeta, ingebaki kwenye kadi au ingezama.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Mama Pacha aliketi pembeni mwa jukwaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimsikiliza Shangazi akiwa macho. Ilibidi. Kwenye kinasa kulikuwa na taa nane ndogo, kila chaneli na yake, na kazi yake ilikuwa kuzichunga zisiwake nyekundu. Nyuma yake ukumbi mzima ulikuwa umefumba macho, maana ugonjwa huo ulikuwa umevuka ukoo zamani. Mbele yake Shangazi alipita kati ya wapigaji, na kila alipofika, taa ya hapo ilipanda kijani na ya alikotoka ikashuka, kama mtu anayezunguka nyumba kubwa wakati wa magharibi akiwasha taa chumba kwa chumba na kuzizima. Alipomkaribia mpiga ngoma, ngoma ilijikunja. Alipomwacha, ilijinyoosha. Saa mbili zikapita bila uzito. Wakati mmoja Shangazi alipita mbele ya meza yake akamwinamia, katikati ya ubeti. "Fumba macho, mwanangu, unanitisha." Mama Pacha akatikisa kichwa, akaendelea kuchunga taa ambazo sasa zilikuwa na maji.

Jumatano asubuhi alikwenda hospitali na kinasa ndani ya kikapu. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, bandeji shingoni, daftari na penseli mapajani. Asiseme neno kwa wiki tatu. Baada ya hapo wangejua.

Mama Pacha alikuwa amesikiliza chaneli zote kwa pamoja tu. Humo Shangazi alikuja na kupotea, kama mtu kwenye umati. Moja moja hakuwa amethubutu kuzifungua. Aliogopa.

Alimvisha Shangazi upande mmoja wa hedifoni, mwingine akaubana sikioni mwake. Wakasikiliza zote kwa pamoja. Shangazi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mgeni anayesifu chakula kisicho na chumvi.

"Subiri," Mama Pacha akasema, akabonyeza chaneli ya pili. Ngoma peke yake. Ngoma, ngoma, halafu ngoma ikajikunja, na nyuma ya mvua nyembamba Shangazi akafika. Alifika mzima, karibu, akamaliza mstari wake kwa ile sauti ya chini ya mlango, akavuta pumzi, akasema waziwazi: "Polepole, baba. Ngoma si punda." Akaendelea na wimbo.

Mama Pacha alishika ukingo wa kitanda.

Shangazi alikuwa ametumbua macho. Akachukua penseli. *Kumbe inasikika?*

"Inasikika, Shangazi. Ipo."

Shangazi akainua vidole vitatu. Chaneli ya tatu, mpiga besi: ubeti mzima, mtulivu, na mwishoni, "Umekonda wewe. Unakula?" Mabega ya Shangazi yakaanza kutikisika. Vidole vinne. Mpiga kodiani alikuwa amepotea njia, na Shangazi alisimama naye, hana maneno, akimwimbia tuni taratibu mpaka akaishika.

Muuguzi akachungulia. "Mgonjwa haruhusiwi kucheka."

"Hacheki," Mama Pacha akasema, akijifuta mashavu kwa ncha ya kanga. "Yuko kazini."

Shangazi akainua kiganja chote, vidole vitano.