Alama ya Twiga

Kazi yangu ni kuwanyoosha watu viungo hospitalini, na wagonjwa wananiogopa. Baba haniogopi. Ni fundi seremala, na mafundi hawafundishiki.

Bega lake la kulia liliganda mwaka ule mama alipofariki. Nikampa mazoezi. Baada ya wiki mbili nikamkuta bega limevimba, machozi yanamlenga. Kumbe alikuwa akiupandisha mkono na kuushusha, mara mia kwa siku, kama anayejaribu mlango mpya.

"Baba, nani kakwambia bega ni mlango?"

"Si kiungo? Kiungo si bawaba, mama?"

"Kiwiko ndiyo bawaba. Na goti. Hivyo vinajikunja na kujikunjua, basi. Bega ni mchi ndani ya kinu, linazunguka kila upande. Ukililazimisha njia moja unajiumiza bure."

Akacheka. "Miaka arobaini nafunga bawaba, hakuna aliyeniambia."

Tukaanza upya. Ainame, mkono uning'inie, auzungushe taratibu, mduara mdogo kwanza. Kila Jumamosi nilimsimamisha kwenye fremu ya mlango wa chumbani, nikachora alama kwa penseli pale vidole vilipofika. Ni fremu ileile aliyonipimia kimo utotoni. Alama zake zikapita zangu za darasa la kwanza, la tatu, la saba.

Alipofikia usawa wa rafu ya vikombe nikamwambia inatosha, chai atajipikia mwenyewe.

"Bado," akasema.

"Unatafuta nini huko juu, Baba? Dari?"

Akarudi kuuzungusha mkono, nami nikanuna. Nina wagonjwa chungu nzima wanaosikia wanachoambiwa.

Jumamosi iliyofuata aliupandisha mkono polepole, jasho likimtoka, akazipita alama zangu zote. Juu yake ulibaki mstari mmoja wa zamani, na pembeni mwandiko wake: Twiga. Ndivyo alivyomtania mama, aliyemzidi kimo. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana alimwekea kiganja kichwani, na mama akajifanya kukasirika kwamba anamvuruga nywele.

Hakuugusa mstari. Alikilaza kiganja hewani, usawa wake, akakiacha hapo.

"Alikuwa anafika hapa," akasema.

Kipimapembe, kifaa changu cha kupimia viungo, nilikuwa nacho mkononi, sikupima. Nilimkumbuka mama. Nikasogea, nikasimama chini ya kile kiganja, nikajinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu.

Nimerithi ufupi wa baba. Sikufika.