Kola Imepinda

Cherehani ya dirishani iliharibika tena Jumanne, nikaitwa. Nilikuwa juu ya ngazi pale ukumbini, nabadilisha taa, na mwalimu wa ushonaji akaja kusimama chini yangu na mikono kiunoni.

"Mama Bisibisi, ni ileile."

"Imefanyaje?"

"Inaruka mishono. Kile kimguu cha kukandamiza kitambaa kinachezacheza kama jino la mtoto."

"Nani alikuwa anaitumia?"

"Nani mwingine, mama? Si nimebaki na mzee tu."

Jina la Mama Bisibisi nilipewa hapahapa chuoni na silikatai. Nina diploma ya ufundi umeme, lakini masomo ya jioni yakianza hakuna anayeuliza ulisomea nini. Wanauliza ngazi iko wapi. Mchana tuna mafundi wa kutosha, wanagongana hata kwenye korido. Jioni nabaki peke yangu na kila kitu: bomba linalovuja, feni inayolia, choo kilichoziba, mlango uliovimba kwa mvua na mwalimu wa hesabu amefungiwa ndani. Zamu ya jioni kila mtu anaikimbia. Mimi niliiomba.

Nikashuka, nikachukua boksi langu la vifaa.

Darasa la ushonaji lilianza na watu wa kujaza chumba. Sharti lilikuwa moja: kila mtu ashone shati zima, lenye kola na mfuko, mwalimu aridhike nalo, asaini, mtu apate cheti chake. Kinyozi alimaliza wa kwanza. Mlinzi wa benki akafuata na shati lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na mwalimu alipomwonyesha, akajibu kwamba huo ndio mkono wa kushikia rungu. Mmojammoja wakamaliza, wakapiga picha, wakaenda zao. Akabaki Mzee Futikamba.

Maisha yake yote alikuwa mpima ardhi. Siku ya kwanza alikuja na futikamba yake ya chuma, ile ndefu ya kupimia viwanja, akaitumia kupima kiuno cha kinyozi. Jina likamganda. Mkewe alifariki mwaka juzi, na watoto wako mbali. Niliwahi kumuuliza ushonaji ameupendea nini.

"Ndilo darasa la jioni lililokuwa na nafasi," alisema.

Nilimkuta amekaa wima, mikono magotini, kama mtu aliyemleta mgonjwa hospitali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kumtibu mgonjwa wangu?"

"Mgonjwa wako anachosha. Sogea."

Akasogea, akanivutia kiti, akachukua tochi kwenye boksi langu bila kuambiwa, akanimulikia. Ilikuwa ndiyo kawaida yetu. Mwalimu akatoka nje kupiga simu nyumbani, maana ana mtoto anayenyonya na humwacha kwa jirani.

"Watu wawili wakigombea mpaka," mzee akaanza, "nikifika mimi na vigingi vyangu, wananichukia wote wawili. Hakuna kazi nyingine unaifanya vizuri halafu unatukanwa pande zote."

"Njoo uzibue vyoo vya chuo."

Akacheka mpaka mwanga ukacheza ukutani. Halafu akauliza, "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Yule wa mwisho naye amepata kazi mji mwingine. Kashahama."

"Na nyumba?"

"Nyumba imefanya nini?"

Akasogeza tochi karibu. Nikakaza skrubu ya kile kimguu, nikapitisha kitambaa, mishono ikatoka mizuri. Nilipokuwa narudisha bisibisi niliona ule mfereji wa skrubu umekwanguka na kung'aa. Nikadhani ni bisibisi yangu. Skrubu ikilegea kila wakati, nikajiambia, ni mtetemo tu, na mtetemo una dawa yake.

Dawa yenyewe ilikuwa nyumbani, bafuni.

Niseme kidogo kuhusu nyumba, kwa kuwa mzee aliuliza na sikumjibu. Baba wa watoto alipoondoka nilibadilisha kitasa siku ileile, nikaendelea na kazi. Watoto wangu walivunja kila kilichoweza kuvunjika. Walining'inia kwenye milango, walikanyaga swichi ya feni, walitia vijiko kwenye soketi na kijiti cha aiskrimu kwenye kufuli. Miaka yote hiyo nilikuwa narudi kazini na kuanza kazi nyingine. Niliwaambia, mkiondoka hapa nitapumzika. Sasa wameondoka na hakuna kinachoharibika. Bomba halivuji. Kitasa hakilegei. Kiti nilichokiacha asubuhi nakikuta jioni hapohapo, kimegeukia palepale. Niliitamani nyumba ya namna hiyo, na nilipoipata sikujua mikono niiweke wapi.

Binti yangu hupiga simu. "Mama, umekula?" Namwambia nimekula. Chai na mkate si ndiyo kula.

Bafuni alikuwa ameacha chupa ya rangi ya kucha, nyekundu ya kupiga kelele. Tone moja la rangi ya kucha juu ya kichwa cha skrubu, likikauka, skrubu haitoki kwa mtetemo. Nikaitia chupa kwenye mkoba. Jumatano, darasa likiwa tupu, nikaingia, nikatia tone langu, nikafunga.

Koridoni nikakutana na msimamizi wa majengo. Ni kijana, umri wa mwanangu wa kwanza, ana funguo nyingi kiunoni hata zisizo na milango.

"Mama, kile chumba nakihitaji. Viti vya ukumbini vinanyeshewa."

"Darasa halijaisha."

"Darasa lenyewe la mtu mmoja!"

"Na yeye ni mtu."

"Mama, usinigombeze bure. Muhula ujao ushonaji haupo, hakuna walioomba. Mzee akimaliza shati lake, cherehani zinabebwa, viti vinaingia. Na nimesikia moja inaharibika kila wiki. Ikiharibika tena, nafunga hivyohivyo. Aende nyumbani bila cheti."

"Haitaharibika," nikamwambia. Nilikuwa na uhakika wangu mwekundu.

Alhamisi, kabla sijaweka hata boksi chini, mwalimu akanifuata. Ileile.

Nikaingia. Mzee akanivutia kiti. Mwalimu akatoka na simu yake. Nikainama kuangalia skrubu: imelegea, na rangi imepasuka imebaki vipande. Mtetemo hulegeza. Mtetemo hauna kucha za kubandua rangi.

Mzee alishachukua tochi. Kidole gumba kilikuwa juu ya swichi, na chini ya ukucha palikuwa na wekundu.

"Mzee," nikasema, "umeanza urembo?"

"Urembo gani?"

"Hiyo rangi ya kucha. Naijua, ni ya binti yangu."

Akakitazama kidole chake. Kisha akazima tochi, akaingiza mkono mfuko wa shati na kutoa sarafu. Akaiweka juu ya meza ya cherehani, katikati kabisa.

"Natumia hii," akasema.

"Kwa nini?"

"Mama, nawe."

"Sijui. Sema."

"Imebaki kola. Kola ikikaa, mwalimu anasaini. Akisaini, Jumanne jioni mimi nitakuwa wapi?"

"Kwako."

"Kwangu ndiko nilikoshinda mchana kutwa."

Mdomo wangu huwa hauna likizo. Waulize watoto wangu, waulize walimu wanaotupa chaki kwenye sinki. Lakini pale nilishika bisibisi nikaanza kuifuta. Ningeweza kumwambia aje kwangu siku moja anywe chai. Mwanamke anayeishi peke yake hamwambii hivyo mwanamume mjane, hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi. Majirani zangu wana macho, na mimi nina jina la kulinda. Na yeye asingekuja.

Kwa hiyo nikamwambia nilichokijua. "Msimamizi amesema ikiharibika tena anafunga chumba na cheti hupati. Umekaa hapa muhula mzima. Usiondoke mikono mitupu kwa ajili ya hiyo sarafu."

"Nimesikia."

"Irudishe mfukoni."

Akairudisha. Nikakaza skrubu kwa nguvu zangu zote, na safari hii hakuna aliyenimulikia. Mwalimu aliporudi akauliza, "Imepona?"

"Imepona."

Jumanne iliyofuata bomba la nje ya darasa lile lilikuwa na shida, au niseme nililikuta na shida ndogo ambayo ingeweza kungoja. Nikakaa pale na spana. Korido nzima ilikuwa kimya. Viti vya ukumbini vilikuwa vimeshaletwa, vimepandishwa ukutani kimoja juu ya kingine, vinasubiri mlango ufunguliwe. Ndani nilisikia cherehani inakwenda. Ilikwenda moja kwa moja. Haikukwama hata mara moja. Nikakaza bomba mpaka likalia.

Halafu mwalimu akapiga kigelegele.

"Mama Bisibisi! Njoo uone!"

Niliingia nikijifuta mikono. Mzee alikuwa amesimama katikati ya chumba, amelivaa shati jipya juu ya shati lake la kila siku. Kitambaa alikichagua mwenyewe, cheupe chenye mistari myembamba ya buluu, na mwalimu alimkanya tangu mwanzo kwamba mistari inaumbua mshonaji: ukikosea kidogo tu, kila mtu anaona. Cherehani nyingine zilikuwa zimeshafunikwa. Mwalimu alikuwa na mkoba begani na kalamu mkononi, macho yameshafika nyumbani kwa mtoto.

"Sema wewe, mama," akaniambia. "Mimi nikimsifu atasema namfurahisha. Wewe hujui kusifia mtu."

"Hilo kweli," akasema mzee. Alijaribu kutabasamu.

Nikamzunguka. Nikaangalia mfuko, nikaangalia mabega. Nikasimama nyuma yake nikaangalia kola. Ilikuwa imenyooka kama iliyopigwa rula. Kila mstari wa buluu wa kola ulikutana na mstari wa mgongoni, hakuna hata mmoja uliokosea njia. Sijaona kola iliyokaa vile hata dukani. Shingo yake ilikuwa imenyolewa vizuri, kwa ajili ya leo, na kinyozi lazima alikuwa yule mwanafunzi mwenzake, kwa sababu ni nani mwingine.

Nje mtu alikuwa anaburuta viti.

"Imepinda," nikasema.

Mwalimu akashusha kalamu. "Wapi?"

"Hapo nyuma. Upande wa kushoto umepanda."

Akainama, akakodoa macho. "Mama, mimi sioni kitu."

"Umechoka. Mtu aliyechoka ataonaje."

"Lakini msimamizi alisema—"

"Msimamizi alisema cherehani ikiharibika. Cherehani nzima, nimeisikia mwenyewe. Kola ndiyo imepinda, na kuhusu kola hakusema neno. Afumue leo, Alhamisi ashone upya, utasaini."

"Na mtoto wangu je?"

"Nenda kwa mtoto wako. Kufumua hakuhitaji mwalimu. Funguo ninazo mimi."

Akatuangalia, mimi na mzee, mzee na mimi. Akaingiza kalamu kwenye mkoba, akaaga, akaondoka shingo upande. Tukamsikia koridoni anamwambia msimamizi, "Bado, kaka. Alhamisi." Msimamizi akasonya. Viti vikaacha kuburutwa.

Mzee alikuwa bado hajageuka. Alilivua lile shati polepole, mkono mmoja, kisha wa pili, akalinyanyua kwa mabega mbele ya taa. Akafumba jicho moja, kama alivyokuwa akifanya, nadhani, alipoangalia vigingi vyake kiwanjani, kimoja nyuma ya kingine mpaka mwisho wa shamba. Mtu huyo alilipwa mshahara maisha yake yote kwa kujua kilichonyooka na kilichopinda. Aliitazama kola kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi kutoka kulia kwenda kushoto.

"Kweli," akasema. "Imepinda."

Akakaa. Akachukua wembe kwenye sahani ya pini, akatafuta mshono wa kwanza, akaukata.

Nikavuta kiti. Nikatoa tochi kwenye boksi langu, nikammulikia, ingawa taa ya juu ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Niliibadilisha mwenyewe.