Chupa za Novemba

Haeryeong alirudi kwa mama yake na sanduku moja la magurudumu na uso uliochoka kuishi. Kampuni ya Seoul ilikuwa imempunguza kazi, na mumewe naye akaona bora ajipunguze mwenyewe, akamwacha. Bongnye, mama yake, alimpokea sanduku. Alimtengea wali na supu ya figili, akamwambia, "Kula kwanza. Kulia kupo tu."

Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na mitungi. Bongnye alikuwa mtengeneza sosi ya soya tangu siku aliyoolewa pale, akiuza kwa majirani na kwenye soko la wilaya. Sosi ya kuuza ilikuwa ya miaka miwili. Lakini mtungi wa mwisho, ule wa ukutani, uliofungwa kamba ya majani ya mpunga na kubandikwa soksi ya karatasi nyeupe juu chini ili mabaya yasiusogelee, huo hauuzwi. Humo mlikaa sosi ya mbegu, ya kuzalishia nyingine zote. Bongnye aliipokea kwa mama mkwe wake, naye aliipokea kwa wake, na huko nyuma zaidi hakuna aliyejua. Kila masika alichota kidogo akaionjesha mitungi mipya ladha ya nyumba, kisha akarudishia kiasi kile kile kutoka mtungi unaoufuata kwa umri. Siku nyingine ya kuufungua ilikuwa siku ya kuwakumbuka wafu, kijiko kimoja tu, cha kutia kwenye supu yao ili waonje na kujua wamefika kwao.

"Huo ni wako," alimwambia Haeryeong tangu mtoto hajui kufunga vifungo. "Mkwe wa kumwachia sina, wala simtaki."

Wazo la kuuza mtandaoni lilikuwa la Haeryeong. Walilizungumza wakiosha chupa uani, na Mama Dongsu, jirani yao, amekaa kizingitini akimenya vitunguu saumu vya watu.

"Mama, kuna njia mbili. Tufungue ukurasa wetu wenyewe, mtu atuandikie, tumjibu, tumfungashie. Ama tuingie Soko la Alfajiri. Mtu anaagiza jioni, akiamka mzigo uko mlangoni. Nchi nzima iko humo."

"Hao wa ukurasa wetu, nitawajua?"

"Majina, anwani, simu, vyote."

"Na hao wa alfajiri?"

"Hao ni wateja wa Soko, siyo wetu. Sisi tunapeleka chupa kwenye ghala lao. Zinakwenda kwa nani, wanajua wao."

Bongnye alipindua chupa, akangoja maji yaishe. "Mimi napenda kumjua anayekula chakula changu. Tumbo likimuuma, nimpigie nimwombe radhi."

"Mama, kwa ukurasa wetu utawajua watu kumi, na wote kumi watakuwa Mama Dongsu."

"Mimi silipi," Mama Dongsu alisema bila kuinua kichwa. "Msinitie kwenye hesabu zenu."

Haeryeong alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bongnye alimtazama bintiye akicheka, na moyo wake ukalegea, maana kicheko kile hakikuwa kimesikika tangu sanduku la magurudumu liingie uani. Akasema basi, na iwe hiyo ya alfajiri. Huo ndio ulikuwa mkutano wao wote wa biashara.

Na mwanzoni ilikwenda vizuri, nisiseme uongo. Chupa zilitoka, pesa zikaingia, Haeryeong akanenepa mashavu. Ila Soko lile lilikuwa na masharti ya mwenye nyumba mkorofi. Bidhaa ikiisha, duka lako linashushwa chini kabisa ambako hakuna mtu anayetazama. Ikiisha tena, unatolewa. Mteja akilalamika, ujibu upesi. Haeryeong akajifunza kujibu kwa kidole gumba, maneno yale yale kwa kila mtu, bila kusoma malalamiko mpaka mwisho. Wote humo wanajibu hivyo.

Ikafika Novemba, msimu wa kutia kabichi chumvi, kila nyumba inataka sosi. Soko likawaita wauzaji Seoul kwa mafunzo ya siku kadhaa. Haeryeong alikuwa amekaa kwenye ukumbi na beji shingoni, oda zikimiminika kwenye simu, akatoka nje kumpigia mama yake.

"Mama, ya miaka miwili itatosha?"

Upepo ulisikika upande wa Bongnye.

"Ipo."

"Kweli? Maana ikiisha wananitoa. Wakinitoa sina pa kushika, itabidi nirudi huku kutafuta kazi."

"Nimekwambia ipo. Vaa sweta."

Mitungi ile Haeryeong aliijua. Kabla ya kusafiri alikuwa ameigonga kwa vidole mmoja mmoja, na mingi ilikuwa ikilia utupu. Angetaka kujua, angejua. Alirudi ukumbini, akamwachia mama yake jambo lile.

Bongnye alikufa mwishoni mwa baridi. Alikuwa akichambua soya jikoni, moyo ukasimama, soya zikamwagika sakafuni. Mwaka ule Haeryeong hakugusa mitungi. Sosi iliisha, Soko likamshusha, kisha likamtoa, na jambo lile alilokuwa akiliogopa kuliko yote halikumuuma hata kidogo.

Mwaka ulipotimia, akaandaa siku ya kumkumbuka mama yake. Alinunua nyama, akakata figili kwa mraba, akabandika supu. Jioni ilipoingia alichukua kijiko, akaenda ukutani, akafungua kamba ya majani ya mpunga kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mtungi ulikuwa umejaa mpaka shingoni. Alichota. Sosi ya mbegu huwa nyeusi tititi, nzito, inajivuta kwenye kijiko. Hii ilikuwa na wekundu kama chai, ikadondoka kama maji. Alionja. Ilikuwa sosi changa, chumvi tupu.

Alichota tena kutoka chini kabisa, mkono umezama mpaka kwenye kwapa. Ilikuwa ile ile.

Mama Dongsu alikuwa amekuja kusaidia kukaanga. Alimkuta amekaa chini kando ya mtungi, sosi inamchuruzika mkononi.

"Nilimwona mama yako," alisema. "Novemba ile ulipokuwa Seoul. Anaukomba ule mtungi anajaza chupa, kisha anajazia sosi changa ili usijue. Nikamwambia, Mama Haeryeong, umerukwa na akili? Hiyo huuzi hata ukifa njaa."

"Akasemaje?"

"Akasema, mtoto akirudi Seoul, hii nitakuwa namwekea nani?"

Haeryeong alilia kwa sauti, bila haya, na Mama Dongsu akamshika mabega akamwacha alie. Supu ilikuwa ikichemka jikoni, hakuna aliyeikumbuka.

Alipopata sauti, alipiga simu Sokoni. Kijana mmoja wa huduma akapokea.

"Dada, taarifa za wanunuzi ni siri."

"Sizitaki. Waandikieni nyinyi. Mwenye chupa yangu ya Novemba ya mwaka juzi, hata kama limebaki tone la kulowesha kidole, nitainunua kwa bei yoyote atakayotaja."

"Kulikuwa na kasoro kwenye bidhaa?"

"Hapana. Ilikuwa nzuri kupita kiasi."

"Kama haina kasoro, dada, hatuna utaratibu wa kuirudisha."

Alimshukuru, kwa sababu kijana yule hakuwa na kosa. Tone moja lingetosha. Lingeingia kwenye sosi changa, na kwa miaka mingi ya subira ladha ingerudi polepole. Watu wenye tone hilo wamo humu nchini, pengine mmoja yuko mji wa jirani, na hana njia ya kuwajua.

Akaitia supu ile sosi changa, kwa kuwa hakuwa na nyingine, akaiweka mbele ya picha ya mama yake, akainama mara mbili. Wakati wa kungoja marehemu ale, aliketi nje ya mlango na simu. Duka lake lilikuwa limefungwa, lakini maoni ya wateja yalikuwepo bado. Akarudi nyuma mpaka Novemba ile, akitafuta jina, mji, chochote.

Wengi walikuwa wameandika neno moja moja. Mmoja, asiye na jina, alikuwa ameandika kwa urefu. Alisema chupa aliyoletewa haifanani na ya kwanza. Ni nyeusi kama dawa ya mitishamba, nzito, ina harufu ya kitu kilichokaa sana. Ameimwaga yote kwenye sinki.

Chini yake palikuwa na jibu la duka. "Mteja wetu mpendwa, tunaomba radhi sana. Haitatokea tena."

Alilitazama jibu lile kwa muda mrefu. Alikuwa ameliandika mwenyewe, kwa kidole gumba, ndani ya treni, siku aliyokuwa akitoka mafunzoni kurudi kwa mama yake.