Nondo Mwenye Mbawa za Ndugu Yake

Shangazi yangu alifanya kazi makumbusho mpaka alipostaafu, na mtaani wanamwita Mama Nondo. Nondo wake, wadudu wanaofanana na vipepeo, ni wa aina moja tu, adimu, wa rangi ya mchanga, wanaoishi kwenye majani yanayotambaa ufukweni. Wa upande wetu wa mto wana mbawa za nyuma za kijivu. Wa ng'ambo wana za manjano.

"Ni ndugu wa tumbo moja," Shangazi huniambia. "Maji yaliwatenganisha, kila mmoja akazoea nguo zake."

Tangu mtoto wa jicho amzidi, mikono yake ni mimi. Niliacha shule darasa la tano nikajifunza kushona, kwa hiyo kibano na pini havinisumbui. Kinachonisumbua ni watu. Mgeni akiingia tu, ulimi wangu unakuwa mzito.

Miguu ya meza tunapowakaushia nondo inasimama ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Kuyajaza ni kazi yangu, na siku moja nilisahau. Asubuhi nikakuta nondo wa upande wetu, aliyeletwa jana yake, ameliwa mbawa zote mbili za nyuma. Shangazi alikuwa hajamtazama bado.

Niliogopa. Kuna kopo la vipande, mbawa zilizodondoka kutoka kwa nondo wa zamani. Nikachagua mbili zenye kipimo sawa, kama mtu anavyotafuta kifungo cha shati, nikaziunga kwa gundi. Zilikuwa za manjano kidogo. Nikajisemea, ziko nyuma, nani ataona?

Shangazi aliona. Alimsogeza dirishani, lenzi jichoni, akamchunguza mpaka chai yake ikapoa.

"Mwanangu, njoo! Wamekutana! Huyu ni mtoto wa huku na kule!" Akanikumbatia. "Miaka thelathini na moja namtafuta huyu."

Nilitaka kusema palepale. Kesho yake nilimsikia akiimba bafuni. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba. Nikameza maneno.

Siku ya nne akaja mtaalamu kutoka makumbusho, dada mrefu ambaye Shangazi ndiye aliyemfundisha kazi. Alimtazama nondo kwa muda mrefu.

"Mwalimu, huyu tutamtangaza kwa jina lako."

"Jina langu? Mnanizika mapema hivi?" Shangazi alisema, lakini uso ulikuwa unang'aa.

Dada akamweka nondo ndani ya sanduku, akachukua kifuniko.

"Sisimizi," nikasema.

Wote wawili wakageuka.

"Sisimizi gani tena?" Shangazi akauliza.

"Walimla. Sikujaza maji. Mbawa za nyuma nimeziunga mimi, nimezitoa kwenye kopo."

Dada akaweka kifuniko chini taratibu. Shangazi akapapasa kiti, akaketi. Nilitamani hata anigombeze.

"Uliunga kwa gundi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Uliipaka kwa kitu gani? Brashi zangu zote ni nene."

"Unywele. Niliukuta kwenye kitana chako."

Dada aliinama tena na lenzi. "Mwalimu, hata sasa sioni kiungo."

Shangazi akaanza kucheka, mabega kwanza, huku anajifuta macho. "Miaka yote hii nawatafutia hawa ndoa, kumbe mshenga ninaye jikoni!"

Kisha kicheko kikaisha. Akanishika mkono, akavipapasa vidole vyangu kimoja kimoja.

"Umeniumiza, mwanangu. Siku nne hizi nilikuwa msichana tena."

Hakuniachia mkono.

"Leta kibandiko," akasema baadaye. "Andika wewe."

Niliandika polepole: *Mwili wa huku. Mbawa za nyuma za ng'ambo. Ameungwa.*

"Na jina la aliyeunga."

Nikaliandika.

Dada aliondoka na sanduku tupu. Nikachukua jagi la maji, nikapiga magoti chini ya meza.

"Umejaza?" Shangazi akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Nimejaza."

"Yote manne?"

"Yote manne, Shangazi."

"Haya. Sasa njoo unichane nywele. Na utakazozikuta kwenye kitana, usitupe."