Mgeni wa Jumanne

Nyumba ya Kerubo kule ughaibuni, Inver Grove Heights, ilikuwa na vyumba vitano, sebule mbili na beseni kubwa la kuogea ambalo mwenyewe hakuwahi kuliingia. Angeliingia saa ngapi? Yeye na mumewe Gilbert walikuwa wauguzi, kila mmoja na kazi mbili, ili mkopo wa nyumba ulipwe. Kwa miaka mitatu walipishana mlangoni kama walinzi. Hata picha za ukutani zilikuwa bado kwenye maboksi.

Kiangazi cha 2016 mamake, Serah, akaja kutoka Kisii kuwatembelea. Kerubo akamwonyesha friji na rimoti, akakimbilia kazini.

Jumanne moja zamu yake ikafutwa, akarudi saa nane mchana. Mbele ya gereji palikuwa na gari kuukuu asilolijua, na ndani watu walikuwa wakicheka. Kabla hajatoa ufunguo, mlango ukafunguliwa na mama wa Kikongo aliyevaa joho la kuogea la Kerubo, zawadi ya harusi, lebo ikining'inia kwapani.

"Karibu, mama. Mimi ni Donatille, ninasali na Mama Serah. Vua viatu, mwenye nyumba anapenda usafi."

"Mwenyewe yupo?" Kerubo akauliza kwa sauti kavu.

"Hapana. Ule ni mutu wa kazi tu, usiku na mchana. Maskini, tunamuombeaka kila Jumanne."

Kerubo akampita kwa hasira. Sebuleni akina mama sita walikuwa wamejinyoosha kwenye makochi yake, wakila samaki wa kukaanga. Mamake alipomwona alishtuka kidogo, kisha uso ukatulia.

"Huyu anatoka kazini, amechoka," akawaambia wenzake. "Mpeni chakula."

Kerubo akafungua kinywa aseme nyumba ni yake. Samaki akanukia. Akaketi, akala. Alipomaliza, Donatille akamjulisha kwamba zamu ya beseni ilikuwa yake. Akaingia, akalala humo hadi maji yakapoa.

Kwenye maombi, Donatille alimsihi Mungu ampe mwenye nyumba japo siku moja ya kupumzika. Aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Kerubo.

Jumanne iliyofuata alimwambia bosi anaumwa jino. Jumanne ya tatu, alimkuta Gilbert jikoni, miguu peku, akimenya ndizi huku akina mama wakimwelekeza.

"Si ulisema uko kazini?"

"Wewe je?" Gilbert akajibu, wala hakuacha kumenya.

Hapo siri ikatoka kwamba wenye nyumba ni wao, na Donatille akacheka hadi akakaa chini.

Mwaka uliofuata waliiuza nyumba ile kubwa, wakanunua ndogo katika mji jirani wa Eagan, kila mmoja akabaki na kazi moja. Donatille alikuja kuikagua, akaizunguka kwa dakika mbili.

"Ile ingine mumeiuza?"

"Tumeiuza."

"Bila kutuuliza?" akasema, na siku hiyo alikataa hata chai.