Chipu Iliyokesha na Mapazia

Chipu ya rada aliyoibuni Ljubinka ilikuwa ndogo kuliko ukucha, na huko Uholanzi, walikokuwa wakiijaribu, ilikuwa ikila betri kama mtu anayefuturu. Kazi yake ilikuwa kukaa ukutani kwa kikongwe anayeishi peke yake: ilale chumba kikiwa kitupu, iamke akiingia, ifuatilie anavyopumua. Kwenye maabara yao ya Novi Sad, Serbia, ililala usingizi wa pono. Waholanzi walisema betri ya mwaka haizidi miezi sita. Wasipopata jibu kufikia Ijumaa wangenunua kwingine, na kikosi cha Ljubinka kingevunjwa.

Wiki nzima alipima umeme wa kila kipande cha chipu. Vyote vilikuwa safi kama malaika. Alhamisi, akizungumza na Wouter wa Uholanzi kwenye kompyuta, aliona pazia likicheza nyuma yake. Akamuuliza kama hicho ndicho chumba cha majaribio. Wouter akasema ndicho, na madirisha yote mawili yako wazi, kama kila siku.

Novi Sad hakuna mtu mwenye akili timamu anayefungua madirisha mawili yanayotazamana. Upepo unaopita katikati huingia shingoni, kwenye figo, hata kwenye meno. Hakuna ugonjwa ambao upepo huo hausingiziwi. Kwa hiyo chipu ilikuwa imekulia katika hewa tuli kama ya kaburini.

Akainuka, akafungua dirisha moja, kisha la pili.

Mkuu wake, Radivoj, alijifunga skafu. “Binti yangu, unataka kutuzika?”

“Funga koo, mzee, utazame kipimo.”

Pazia likatikisika, umeme ukapanda. Chipu ilidhani pazia ni mtu, ikakesha nalo.

Radivoj akasema dawa ni rahisi: ifanywe nzito kuamka, isijali vitu vidogo vidogo, na Ijumaa wamekwisha.

“Na bibi ambaye kifua chake husogea kidogo kuliko pazia, itamwona?”

Radivoj akavuta skafu hadi puani. Wouter, ambaye walikuwa wamesahau kumkatia mawasiliano, alikohoa kwenye kompyuta.

Ljubinka akamgeukia, akamwambia ukweli: betri itadumu nusu ya walichoahidi, mpaka wapate njia ya kuifundisha chipu kutofautisha pumzi na upepo. Kuifanya izibe masikio, hapana.

Wouter akasema mabosi wake watanuna, lakini atawaambia wanunue betri kubwa zaidi.

“Sasa funga madirisha,” Radivoj akanong’ona, “kabla huyu hajatuona tukifa.”