Benchi la Kisutu

Kulsumbai alizaliwa Kisutu, kwenye ghorofa la babu yake. Serikali ilipolitaifisha, ukoo ulihamia Upanga, kisha Msasani, na mwishowe karibu wote wakaenda Kanada. Yeye alibaki Madale, peke yake katika jumba alilojengewa na mwanawe.

Juzi alirudi Kisutu. Sebule yao sasa ni kliniki ya meno. Akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa.

"Shikamoo, bibi. Jino gani linakusumbua?" aliuliza Loveness, muuguzi.

"Marahaba. Meno yangu mazima, mwanangu. Hapa ndipo tulipokuwa tunakula, sinia moja, ukoo mzima."

Loveness hakumwondoa. Alimletea chai, akamwacha akae mpaka walipofunga.

"Nashukuru," alisema Kulsumbai akiinuka. "Tangu Ijumaa sijazungumza na mtu."